Thelathini Kamili

Mwaka ule nilifunga thelathini kamili.
Wifi zangu walikuwa na deni, huyu sita, huyu saba,
wakihesabu kwa vidole siku za kulipa.
Mimi sikudaiwa hata moja.
Mavyaa akanikatia kipande kikubwa cha mkate wa mofa,
akanitazama tumbo, akatabasamu.
Sikuwa na mimba.
Mwezi uliandama Shela, ukaandama Matondoni.
Kwangu haukuandama.

Na kazi yangu, jamani, ni kuwapamba maharusi:
Langoni, chumba cha nyuma, pazia la kijani.
Napika halawa, sukari na ndimu na maji ya kukisia,
naivuta mpaka ing'ae kama kaharabu,
nawang'oa wenzangu vinyweleo vyote,
kisha nafunga mlango.
Nabaki na kioo, na kidevu changu.

Kibano nilirithi kwa shangazi Mwanatumu.
Kidogo, cha shaba, mdomo umepinda kushoto.
Alinipa usiku wa kuamkia harusi yangu,
ndani ya kopo la poda, bila neno.
Naye alipewa na bibi Zenabu,
aliyesemwa kuwa ana zongo,
aliyezaa wawili tu, miaka kumi na mitatu kati yao,
na katikati akanyweshwa kila mzizi wa Pate.

Daktari Habona hakuniuliza nimemkosea nani.
Alinipaka jeli ya baridi, akanigeuzia skrini:
ovari mbili, na pembezoni vitone vyeusi
kama vitobo vya kofia kabla ya kuzungushiwa uzi.
"Si uvimbe," alisema. "Ni mayai yaliyoanza kukua, yakasimama."

Akachora nyuma ya kadi yangu.
Chini ya ubongo kuna tezi, ndogo kama dengu,
inatoa amri upesi mno.
Insulini inabisha hodi kwenye misuli, haifunguliwi;
inarudi na wenzake, inajaa damuni,
na ovari, kwa kelele zile,
zinatengeneza homoni za kiume kupita kiasi.
Hizo ndizo zinazoota kidevuni.
Hizo ndizo zinazolifungia yai mlango.

Nikacheka. Akashangaa.
Sukari inaniotesha ndevu, nikamwambia,
na kwa sukari nawanyoa watu.

"Kwenu nani mwingine?"
Nikataja kibano.
Akanyamaza kidogo. "Shangazi ni upande wa nani?"

Wa baba.
Baba, mwenye upara tangu miaka ishirini na mitano,
baba wa kisukari na chai ya mkandaa,
ambaye hakuna aliyewahi kumkagua tumbo.
Miaka yote mama ndiye aliyeambiwa
damu yake nzito, binti zake hawashiki.
Kumbe jeni zimepita kwa mwanamume
kama barua aliyotumwa, asiyoweza kuisoma.
Tena si jeni moja, alisema daktari,
ni nyingi, kila moja na kisukumo chake kidogo,
na nyingine bado hazijajulikana.
Nilipenda alivyosema hazijajulikana.

Shufaa wa kaka yangu alikuja Alhamisi,
miaka kumi na mitano, mtandio umevutwa mpaka mdomoni.
Miezi minane, akasema, akitazama sakafu.
Nikalifungua kopo la poda.
Nikamwonyesha kibano, nikamtajia majina,
Zenabu, Mwanatumu, mimi,
na babu yako, nikasema, usimsahau babu yako.
Akakishika, akajaribu mkononi. "Hakikamati vizuri."
Kweli, hakikamati.
Jumatatu tulikuwa kwenye foleni, namba kumi na saba,
tunakula kashata ya nusu kwa nusu, tukijua ni makosa.

Mimi nameza vidonge viwili baada ya chakula.
Natembea mpaka Wiyoni na kurudi, punda wananipita.
Ndevu zipo. Mtoto hajaja, labda atakuja.
Lakini Ramadhani hii nadaiwa siku nne.
Nimeziandika kwa wanja nyuma ya mlango,
mistari minne, minene.
Sina haraka ya kulipa.