Chango cha Makoti

Amerudi katika kikapu kilichofungwa kwa kamba ya viatu,
siku tano baada ya kulazwa,
mguu wa mbele umenyolewa mpaka gotini.
Miaka kumi na miwili nimeishi naye, sikujua
kwamba chini ya weusi wote ule
Kluska ana ngozi ya waridi kama kidole cha mtoto mchanga.

Daktari, msichana mwenye usingizi machoni,
aliandika: maji mililita mia, kila jioni, chini ya ngozi.
Nusu kidonge asubuhi. Chumvi marufuku.
"Bibi Bogna, una mikono ya kazi hii?"
Nikamwonyesha mikono.
Miaka thelathini na minane nimeshona makoti
katika kiwanda ambacho leo, hapa Łódź, kinauza viatu vya michezo.
Sindano naijua kuliko ninavyoikumbuka sura ya mume wangu.

Lakini kitambaa hakigeuki kukutazama.

Usiku wa kwanza nilitundika mfuko wa maji
kwenye chango cha makoti, kando ya kofia ya Walenty
ambayo sijampa mtu.
Nikainua ngozi ya shingo, ikasimama kama hema dogo.
Sindano ikaingia huku ikatokea kule,
maji yakalowesha manyoya, yakalowesha sketi,
naye akajitia chini ya kabati na hasira zake.
Nililala sakafuni, mtu wa miaka sabini na mmoja,
nikibembeleza macho mawili.

Mgonjwa haulizwi uji, ndivyo wasemavyo watu.
Huyu anaulizwa.
Anaulizwa kuku wa kuchemsha, anaulizwa samaki wa kopo,
anaulizwa kwa kijiko, kwa kidole, kwa machozi.
Ananusa. Anageuza uso
kama mteja aliyeona mshono uliopinda.

Siku ya tatu nilishuka ngazi.
Ghorofa ya pili anakaa Ireneusz, dereva wa tramu mstaafu.
Hatukuwa tumesalimiana tangu enzi za cherehani yangu ya usiku,
alipokuwa akigonga bomba la joto kwa kijiko:
nyamaza, nyamaza, nyamaza.
Alifungua mlango akiwa na soksi moja.
Nikasema, nahitaji mtu wa kushika.
Hakuuliza kushika nini.

Akamviringisha katika taulo, kichwa tu nje.
"Taratibu," akaniambia,
"kama unaingia kituoni na reli ina barafu."
Nje theluji ilikuwa inaanguka bila haraka.
Nikakumbuka tulivyofundishwa wasichana wapya kiwandani:
uzi wa kwanza hauvutwi, unaombwa.
Sindano ikaingia. Ikatulia.
Tone, tone, tone,
sote watatu tukiukodolea macho mfuko
kama watu wanaosubiri maziwa yachemke.
Maji yakajikusanya begani mwake, bonge laini,
sponji ya bega iliyokaa upande.
Nikacheka. Fundi gani huyu, nikasema,
koti lina bega moja!
Ireneusz hakucheka. Alikuwa anahesabu pumzi za paka.

Mlangoni akauliza, "Cherehani ipo bado?"
"Ipo. Mkanda umekatika."
"Mkanda ninao," akasema, akashuka.

Figo hazirudi, daktari amenieleza kwa simu.
Tunanunua muda tu.
Sawa. Nimenunua vitu vingi kwa mita,
muda nitaununua kwa gramu.
Wiki iliyopita kilo tatu kasoro. Jana kilo tatu na kidogo,
na hicho kidogo nimekiandika ukutani kwa chaki ya kushonea.

Sasa kila jioni saa moja
bomba linagongwa mara tatu: napanda.
Mimi natundika mfuko, napasha taulo,
na Kluska, anayejua mlio ule,
anaelekea chini ya kabati.
Juzi alikwenda kwa kujikokota.
Leo amekimbia.