Wanne wa Stoo

Nilizinunua nne kwa fedha ya kikoba,
enzi umeme wa Rau ulipokuja kama mgeni mwenye haya,
nikazipanga stoo juu ya matofali,
nikazipa majina nisisahau nani amekunywa:
Mathayo, Marko, Luka, Yohana.

Kila Jumamosi ya kwanza, kabla ya kufagia banda,
nafungua vizibo sita sita, nachungulia kwa tochi,
naongeza maji ya dumu jeupe, polepole,
kama anayemnywesha mgonjwa kwa kijiko.
Halafu chaki ukutani: tarehe, jina, vikombe.
Miaka saba ya chaki.
Mwandiko unainama kadiri unavyoshuka.

Marko ndiye aliyeanza. Julai iliyopita,
ukungu wa mlimani umeshuka hadi kwenye migomba,
umeme ukakatika saa nane za usiku,
naye akaporomoka, akawavuta wenzake,
maana wamefungwa mnyororo mmoja
na anayechoka mmoja huwachosha wote.
Asubuhi mayai sitini yalikuwa baridi kama kokoto za mto.
Nilipasua moja, nikaona jicho.
Sikupasua la pili.

Ndipo akaja Mbonea, binti wa Usangi,
spana kiunoni, penseli sikioni,
na sanduku jeupe, jembamba, la kutundika ukutani.
"Mama Elinaja, hii ni lithiamu. Haili, hainywi."
Nikamuuliza: sasa Jumamosi nitafanya nini?
Akacheka. Sikuwa natania.

"Dakika arobaini tu bila umeme," akasema.
Na kwenye mashine kuna mayai ya siku ya kumi na tisa;
ukitega sikio, kuna mnong'ono.
Nikachemsha maji, nikajaza madumu matatu,
nikaizungushia mashine blanketi, kanga mbili
na koti langu la misibani.
Arobaini zikapita. Kichwa cha waya kiligoma kuingia,
bodaboda akatumwa mjini kutafuta kingine.
Saa nzima. Saa mbili kasoro. Nikabadilisha madumu.
Kipimajoto: thelathini na saba.
Thelathini na sita.
Thelathini na tano na nusu, nikaacha kukitazama,
nikaikumbatia mashine, mimi mzima,
na jasho langu likawa mchango.

Kisha taa ndogo ya kijani. Wala haikulia.
Wale wanne walikuwa wakivuma;
ukiwagusa, ni ubavu wa ng'ombe aliyezaa jana.
Huyu mpya ni baridi kama kaunta ya benki.
Asilimia tisini na nane, simu inasema.
Naiamini simu kwa kuwa Mbonea anaiamini.

Sabasi wa vyuma chakavu alikuja na mizani ya ndoano.
Akamtundika Luka, ubavu umevimba, akasoma kilo.
"Asidi usimwage njiani," nikamwambia,
"mfereji ule unanywesha watu wa chini."
Akaapa. Akalipa. Nikahesabu mara mbili.
Yohana nilimfuta vumbi kabla hajapanda toroli,
sijui kwa nini.

Vifaranga arobaini na mmoja.
Kama ni sanduku au ni blanketi, mimi sisemi.
Jana usiku umeme ulikatika, nadhani,
maana niliamka saa nane vilevile,
miguu ikazitafuta ndala, nikafika stoo,
nikasimama mbele ya kitu kisichonihitaji.
Friji ilikuwa ikinguruma. Nikarudi kulala.

Ukuta sijaupaka chokaa.
Na lile dumu jeupe lilibaki nusu;
kuyamwaga sikuweza, nimeyanunua.
Nayatia kwenye pasi.
Jumapili joho langu la kwaya lilinyooka
hadi mwalimu wa sauti ya pili akauliza siri.
Nikamwambia ni maji ya Marko,
akaenda nyumbani kutafuta sura na mstari.