Jina Libaki

Karatasi ilitaka saini mbili,
ya anayetoa na ya anayepokea.
Haikuuliza kama wamewahi kusalimiana.

Nilifika ofisi ya mifugo, Arua, saa mbili kasoro,
kamba mkononi, na mwisho wa kamba mbwa wa Obitre
akinusa miguu ya benchi
kama mtu anayesoma matangazo ya vifo.

Karani alipitisha kidude shingoni mwake.
Kimya.
Akapitisha tena, chini kidogo, karibu na bega.
"Chipu huhama," alisema, "haikai ilipodungwa."
Pii.
Tarakimu kumi na tano, na kwenye kompyuta
jina la mtu niliyepakana naye miaka kumi na mmoja.
Kitu chenyewe punje, kama ya mchele,
lakini hakitoki kwa sabuni wala kwa hasira.

"Mbwa anaitwaje?"
Nilitazama dirishani.
"Watachoka."
Aliandika bila kucheka. Ni mtu wa huku,
anajua kwetu mbwa ni barua:
usiloweza kumwambia shemeji unamwambia mbwa,
na shemeji, uani kwake, anapokea.

Ile barua ilikuwa yangu.
Nilimshtaki Obitre kwa mwenyekiti wa kijiji
kwa sababu ya ua wa matete uliotembea hatua mbili usiku mmoja.
Wiki hiyo akaleta mtoto wa mbwa, kahawia, sikio moja limelala,
na magharibi akaanza:
Watachoka! Watachoka, njoo ule!
Miaka sita.
Mimi nachekecha unga wa muhogo, yeye anaita,
na chekeche linazidi kwenda mbio.
Sikuchoka. Nataka hilo liandikwe mahali.

Kisha kiharusi.
Binti yake akaja na gari kutoka Kampala;
anakaa ghorofa ya tatu, mbwa hana pa kukojoa.
Akasimama penye tundu la ua.
"Mama, baba anasema abaki kwako."
"Amesema?"
"Ameonyesha kwa kidole."
Akaniambia pia habari ya usajili:
nikimchukua hivi hivi, bila karatasi,
siku akimuuma mtu
kesi itamfuata yule aliye kwenye daftari.
Nusu ya moyo wangu, sitaficha, ililipenda hilo.

Karani akasoma kwa kidole chake.
Namba haibadiliki.
Chanjo ya kichaa, kadi ipo.
Simu inabadilika, mtaa unabaki ule ule,
mwenye mbwa anabadilika.
"Na jina la mbwa? Libaki, au tuweke jingine?"

Nilikuwa nalo jingine. Nililitafuta usiku kucha,
jina laini, lisilo na mtu ndani yake.
Ila jicho lilikuwa limenasa kwenye saini ya Obitre,
ya mkono wa kushoto, herufi zinateremka
kama ng'ombe wanaokwenda kunywa maji,
na mstari wa chini, kwa mkono huo huo, jina la mpokeaji:
Candiru.
Herufi zote, hakuna iliyopungua.
Mtu aliyekuwa akiniita "yule."

Candiru ni taabu.
Mama alinipa kwa ajili ya wakwe zake,
ili kila akiniita kula
wao, nyumba ya pili, wasikie.
Nimelibeba sokoni, kliniki, kwenye kitambulisho.
Hakuna karani aliyewahi kuniuliza kama libaki.

"Libaki," nikasema.
Muhuri. Risiti. Kidude tena, kwa hakika:
pii, na jina langu likatokea kwa mbwa wa Obitre.

Magharibi nilitoka uani.
Kwake giza, kufuli mlangoni.
Nikaita kwa sauti ndogo, kama anayeazima sufuria:
Watachoka.
Akatokea upande ule,
akasimama kwenye tundu la ua,
kichwa kwangu, mkia kwa Obitre,
akinitazama kama karani.

Nikaita tena, kwa sauti ya mwenye mbwa.