Ile Ninayoweza Kuiinua

Jumamosi ya tatu hii niko Barabara ya Ngong,
daftari kwapani, futi ya chuma mfukoni.
Miaka ishirini na sita nimepima viwanja vya watu,
nikapigilia vigingi kwenye mipaka yao,
na sasa napima urefu wa kiti cha pikipiki
kutoka vigae vya sakafu
hadi pale mguu wangu unapokoma.

Kibiwott wa shoruumu haipendi futi yangu.
Anapenda kusema silinda. Analitamka neno hilo
kama mtu anayekufungulia mlango wa nyumba yake mpya.
"Mama, hii ndiyo ya kufika Misri!"
Nyeusi, pana, ina kompyuta mbele,
inajua upepo wa magurudumu, inajua baridi ya kesho,
inakupasha viganja joto.
Kilo mia mbili hamsini na tano, kabla ya mizigo.
Nikapanda. Miguu ikaning'inia
kama ya mtoto kwenye kiti cha kinyozi.
Naitwa Kanini. Sikulichagua jina,
wala mama hakukosea.

"Utazoea," akasema Kibiwott.

Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi,
lakini udogo nao una maneno yake:
ile ya kijani, ya silinda moja, niliikodi siku mbili
tukashuka nayo hadi Magadi.
Kushuka, ilirukaruka kama mbuzi.
Kupanda, kabla ya Kiserian,
lori lililosheheni likatupita likipiga honi,
nami nimekamua mafuta hadi mwisho,
naona aibu kama mwenye nyumba aliyekatiwa maji
wageni wakiwa mezani.

Zikabaki za katikati. Nne, ukurasa mmoja:
moja tamu kuendesha, ila tangi lake ni kikombe;
moja ina rimu za kumimina, jiwe moja la Loiyangalani na umekwisha;
moja spea zake husubiriwa wiki sita kutoka ng'ambo;
na ya kijivu, ambayo sikuwa na neno baya juu yake
wala zuri.

"Usiniulize inakimbiaje," alisema Fundi Gurcharan,
gerejini kwake Lunga Lunga, akifuta mikono kwa fulana kuukuu.
"Zote zinakimbia. Niulize inaangukaje."
Akaizunguka ile ya kijivu kama mnunuzi wa ng'ombe,
akailaza chini, taratibu, kwenye vumbi na oili.
"Hapo ni Dida Galgalu. Saa saba mchana. Hakuna mtu.
Inua."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; huu ulikuwa wangu.
Nikaipa mgongo, nikachuchumaa,
mkono mmoja kwenye usukani, mmoja chini ya kiti,
nikasukuma kwa visigino
kama tulivyokuwa tukiisukuma Landrova ya idara
msimu wa mvua, Mutomo.
Vijana wa gereji wakaacha spana.
Mara ya kwanza ilikataa.
Mara ya pili ilifika nusu, ikanirudisha.
Ya tatu sijui nilifanyaje.
Ikasimama. Nikasikia petroli ikicheza tangini
na goti langu la kushoto likinung'unika.

"Mia moja tisini na nane," akasema Gurcharan.
"Sasa mnajuana."

Jioni, South B, dada yangu Ndinda anachambua mchele.
Anauliza bei. Ananyamaza. Anauliza tena.
Kisha: "Na kiti cha nyuma ni cha nani?"
Nikamwambia kinaondolewa.
Hapo utafungwa mtungi wa lita kumi,
hema, pampu ya mkono, na futi yangu.
"Futi ya nini jangwani?"

Sikuwa na jibu.
Akaokota jiwe dogo, akaliweka ukingoni mwa sinia.
"Basi urudi kabla ya harusi ya Syombua,"
akasema, "na usije na vumbi lako
kwenye viti vya watu."