Kwanza Nunua Kimya

Spika ya kushoto ilikufa Ramadhani.
Si ghafla: ilikoroma wiki mbili,
kila besi ilipoingia ikakohoa,
kisha ikabaki ya kulia peke yake
inasema mambo nusu.

Gari ni Sani ya mwaka elfu mbili na nne,
nyeupe kama magari yote ya Mabela,
mlango wa dereva hufungwa mara mbili.
Nilikuwa na riyali thelathini.
Si thelathini za kuanzia. Thelathini.

Binamu yangu Sleyum ana sabufa mbili kwenye buti,
kila moja kama sinia la harusi.
Akipita mtaani vikombe vinatetemeka kabatini
na kibao chake cha namba kinapiga makofi.
"Kopa," akaniambia. "Muziki hauna nusu."
Sleyum hukopa hata upepo wa tairi.

Nikaenda kwa Shaji, sanaiya ya Wadi Kabir,
duka lenye upana wa mlango wake,
redio zilizong'olewa zimening'iniza nyaya
kama pweza walioanikwa.
Kiarabu chake cha kuokota,
changu cha kurithi vibaya,
tukakutana katikati.
Hakuitazama spika. Alibisha mlango wa gari
kwa kifundo cha kidole, kama mgeni mwenye adabu,
mlango ukajibu: pwaa.
Debe tupu, nikakumbuka, haliachi kuvuma.
"Kwanza nunua kimya," akasema Shaji.
"Sauti baadaye."

Kimya kinauzwa duka la vifaa vya ujenzi, kwa mita:
utepe wa lami wa kuzibia paa, riyali tatu.
Ilikuwa Agosti, nyuzi arubaini na sita kivulini,
na kivuli chenyewe hakikuwepo.
Lami ikalainika bila moto,
ikalala juu ya bati kama paka aliyeshiba.
Jua, siku ile moja, lilifanya kazi bila ujira.

Ndani ya mlango tulikuta
sarafu ya baisa hamsini,
kokwa la tende,
na hereni ya Thuwaiba, mke wangu,
ile aliyoisingizia mashine ya kufulia.

Spika jozi moja, riyali tisa,
zimetoka kwenye Leksasi iliyogongwa Barka;
aliyezisikiliza kabla yangu alikuwa na pesa.
Amplifaya ya mtumba, kumi na moja, ina mkwaruzo ubavuni.
Nyaya na fyuzi, mbili na nusu.
Nyaya nilizipitisha mwenyewe chini ya zulia,
shavu sakafuni, miguu nje kwenye vumbi,
mtaka cha mvunguni,
na wahenga hawakusema lolote juu ya mgongo
utakaouma siku tatu.
Shaji alitaka tano za ufundi, akachukua nne.
Baisa mia tano zikabaki:
karaki mbili, chapati moja ya jibini,
tukala tumeegemea boneti, tukaungua makalio.

Usiku nikamchukua Thuwaiba, tukashika njia ya Samail.
Milango imenyamaza.
Kitu cha kwanza nilichosikia
ni beringi ya gurudumu la nyuma ikisaga;
Mungu ajua imesaga miaka mingapi.
Riyali kumi na tano nyingine. Nikaongeza sauti.
Ndipo udi ukaja: si wimbo kwanza,
bali kidole kikiuacha uzi,
kisha fidla, kisha mwimbaji
akivuta pumzi kabla ya neno,
pumzi ambayo sikuwahi kujua kuwa imerekodiwa.

Na chini yake, sauti nyingine,
nusu hatua nyuma, haikutoka kushoto wala kulia.
Nikapunguza redio. Ikakoma.
"Unaimba?"
"Tangu tuoane," akasema Thuwaiba,
anatazama milima gizani, hereni zote mbili masikioni.
"Ulikuwa ukidhani ni spika."

Sikupata jibu.
Nikarudisha redio, si juu sana.
Beringi ikasaga mpaka Samail.