Haramu na Marufuku

Papa aliletwa saa kumi na mbili asubuhi
kwa toroli la magurudumu mawili, mkia ukiburura lami.
Shafiqul, mkataji wetu kutoka Chitagongi,
alimgeuza chali, akapitisha kisu,
na tumboni wakamwagika kumi na mmoja,
kila mmoja kiganja na nusu, macho wazi,
wakipigapiga vigae
kama nyayo za watoto waliosikia mvua.

Nilikuwapo, na koti jeupe la manispaa.
Barafu: inatosha. Sakafu: imeoshwa. Mizani: sahihi.
Fomu haikuwa na mstari
wa kuandika nilichokiona.

Binti wa mwalimu Thuraya aliona pia.
Siku tatu hakugusa samaki wala nyama.
Mama mtu akaandika barua,
barua ikapata saini mia mbili na sita,
na mwezi uliofuata ikaitwa Ajenda ya Nne:
kupiga marufuku uuzaji wa papa mwenye mimba
katika masoko yote ya Sur.

Harith bin Sulaiyim alisimama wa kwanza:
"Nyavu haziulizi nani ana mimba.
Mvuvi akishamvuta, keshakufa. Amtupe?
Huko kumtupa ndiko huruma?"

Ghalib akagonga meza:
"Leo papa. Kesho pweza, mtasema ana akili.
Keshokutwa mtatuingilia majikoni na tochi."

"Wazee wetu walikula," mtu akasema nyuma,
"na mla ni mla leo, mla jana kala nini?"
Wakacheka. Bi Badriya hakucheka.
"Na mla kesho," akauliza, "atakula nini?"

Kisha wakanigeukia mimi, mtaalamu.
Je, wale wadogo wanasikia maumivu?
Nikasema najua zebaki, najua vijidudu,
najua nyuzi joto za samaki aliyeanza kuharibika.
Hilo mnaloniuliza
halina kipimo kwenye sanduku langu.

Kikao kikasimama kwa chakula.
Wapishi, ambao hakuna aliyewaambia kitu,
wakaleta sinia za wali
na papa mkavu aliyechambuliwa, kitunguu na ndimu.
Wawili walisukuma sahani.
Ghalib aliongeza ndimu.
Nami, niseme kweli, nilikula.
Alikuwa mtamu.

Kura: watano kwa watano.
Mwenyekiti akaahirisha hadi baada ya Idi.

Nyumbani mama yangu, mzaliwa wa Ng'ambo,
miaka hamsini Sur na ulimi bado wa Unguja,
alikuwa amekwisha roweka ukwaju.
"Papa yuko wapi?"
Nikamweleza.
"Tangu lini papa haramu?"
"Si haramu, mama. Marufuku. Na bado haijapita."

Akafuta mikono kwa kanga, taratibu.
"Haramu naijua. Ina Mwenyewe.
Nikiwa peke yangu, taa zimezimwa, ipo nami.
Hiyo marufuku yenu
hufunga ofisi saa nane na nusu."

Ndipo nikamwambia nilichowaficha wajumbe:
kwamba asubuhi ile Shafiqul aliweka kisu chini,
akawakusanya kumi na mmoja katika ndoo ya chumvi,
akatoka mlango wa nyuma,
wateja wakimsubiri, wakimtukana,
akarudi suruali imelowa hadi magotini.
Sheria haikumtuma. Mshahara wake haukumtuma.
Nilimuuliza: wataishi?
Akainua bega moja, akaendelea kukata.

Mama hakusema kitu.
Sufuria ya nazi ilianza kutokota, hakuiangalia.
Alizaa saba, mama yangu. Tuko wanne.

"Kaniletee nguru," alisema mwisho.
Nilipofika mlangoni akaongeza, "Leo tu,"
si kwangu;
kama mtu anayepatana bei
na muuzaji nisiyemwona.