Kengele Isiyo na Ulimi

Mtu mzima elfu tatu, mtoto mia tano.
Temu wa getini akawahesabu
kama mtu anayehesabu kuku wa mgeni:
Manka, Siael, Eliaichi.
"Wa kwako?"
"Wa dada yangu. Leo ni wangu mpaka saa kumi."

Mlima ulikuwa umejifunika tangu alfajiri.
Manyunyu yanakuja, yanaondoka,
kama mdeni anayepita nje ya duka.

Nyumba yenyewe ni ndogo. Nilidhani itakuwa kubwa.
Mawe ya mtoni, bati jekundu,
na juu ya paa bomba la moshi.
Siael alicheka hadi akakaa chini kwenye nyasi:
"Mjomba, Moshi kuna bomba la moshi!"
Akairudia mara tano. Kila mara ilikuwa mpya kwake.

Ndani mlinuka nta na popo.
Kitanda chembamba. Kofia iliyoliwa na nondo.
Picha ya mwanamke asiyetabasamu
amepakata mbwa anayetabasamu.
Eliaichi akauliza choo kiko wapi,
kisha jiko liko wapi.
Temu akasema jiko lilikuwa kibanda, huko nyuma, kilibomoka,
hakimo kwenye ziara.
Nikanyamaza. Babu yangu alipika humo miaka kumi na moja,
supu ambayo hakuwahi kuketi akainywa.
Sikuwaambia watoto. Nilitaka kwanza waione nyumba
kama nyumba tu.

Mezani, kengele ya shaba, ndogo kama limau.
Kibao: USIGUSE.
Manka, miaka tisa, msomaji wa familia,
alikisoma kwa sauti, akaigusa.
Ikalia.
Tukangoja, sisi wanne na Temu wa tano,
sijui tulingoja nini.
"Hakuna aliyekuja," akasema Eliaichi.

Ndipo ikamponyoka Manka.
Ulimi wake ukachomoka, ukabingirika chini ya kabati.
Temu akapiga magoti, simu ikimulika,
akatoa kifungo, akatoa ganda la karanga,
ulimi hakuuona.
Akainuka na vumbi magotini, usoni hana mzaha.
Akafungua daftari. "Jina la mzazi."

Manka alitoka mbio. Nilidhani analia.
Alipita waridi zenye majina yao kwenye vibati,
akaruka mfereji unaokatiza bustani
(mfereji ulikuwepo kabla ya nyumba, hauna kibao),
mpaka kwenye ua wa nyuma, ule wa masale,
penye kibao kingine: USICHUME.
Akachuma.

Akarudi ameloa, jani refu juu ya viganja viwili,
kama alivyomwona bibi yake
mwaka ule wa ugomvi wa mpaka wa kihamba.
Hakusema kitu. Isale halihitaji maneno.
Temu ana miaka ishirini na sita, kanyoa pembeni,
muziki masikioni.
Akalitazama jani. Akalitazama daftari.
Akachomoa waya wa sikio moja, kisha wa pili.
"Nani kakufundisha hii?"
Akalipokea kwa mikono yote miwili,
akalilaza katikati ya daftari la wageni,
akalifunga.
Hukatai. Hata ukiwa na sare ya halmashauri.

Nje nikawaonyesha jiko lilipokuwa:
kipande cha sakafu, mpapai uliojiotea.
"Hapa ndipo alipokuwa anaisikia."
"Nani?"
"Babu yangu. Ile kengele."
Manka hakusema neno mpaka nyumbani kwao.

Usiku dada akanipigia simu. Alikuwa anafua.
Mfukoni mwa Eliaichi kakuta kitu cha shaba,
kama punje ya kahawa, hajui ni cha nini.
Nyuma yake nikamsikia mtoto akieleza
polepole, kama mtu mzima:
"Ili wasimwite tena."

Nimekata isale uani kwangu,
nimelitia kwenye glasi ya maji, dirishani.
Leo ni Jumapili. Jumamosi iko mbali.